Uso Mpya, Injini ya Zamani: Jinsi ya Kuboresha Programu ya Ushirika Bila Kupoteza Hesabu za Mkulima

Mkulima wa Kibirichia anapopeleka maziwa alfajiri au viazi sokoni, jasho lake hugeuka nambari katika kompyuta ya mtu mwingine. Nambari hizo ndizo karo ya shule, mbolea ya msimu ujao na dhamana ya mkopo. Kwa hiyo programu inayozihifadhi si jambo la karani na mhasibu peke yao, bali ni la kila mwanachama.

Baadhi ya vyama vya ushirika, SACCO na maduka ya jumla nchini bado hutumia programu za zamani zenye skrini nyeusi na maandishi matupu. Hazina picha wala vitufe vya kubofya. Karani huchagua “1” kuingiza mapokezi, “2” kulipa, “3” kuchapisha ripoti, na kubonyeza F10 kuhifadhi. Programu hizi zimefanya kazi miaka mingi, lakini sasa vijana wanaoajiriwa hawazielewi, wanachama wanataka kuona hesabu zao kwenye simu, na kompyuta mpya zinakataa kuziendesha.

Somo hili linaeleza jinsi programu ya aina hiyo inavyoweza kupewa uso mpya, ni wakati gani uso mpya hautoshi, na mambo ambayo kamati ya chama inapaswa kuuliza kabla ya kumlipa fundi yeyote.

Sehemu tatu za programu

Programu yoyote ya biashara ina sehemu tatu. Ya kwanza ni uso, ambao wataalamu huuita kiolesura: kile mtu anachokiona na kukigusa. Ya pili ni kanuni za kazi: bei ya kilo, makato ya mkopo, siku ya malipo. Ya tatu ni rekodi zenyewe: majina, nambari za wanachama, kilo za kila siku na salio.

Tofauti hii inafanana na matatu. Bodi huundwa na fundi hapa nchini, ikapakwa rangi na kuwekewa viti, lakini chini yake kuna chesisi na injini vilivyotoka kiwandani. Bodi ikichakaa, mwenye gari anaweza kuivua na kuunda nyingine bila kununua injini mpya. Vilevile injini ikifa, rangi mpya haitalisogeza gari.

Kosa linalogharimu vyama pesa nyingi ni kutojua ni sehemu gani iliyoharibika. Kama rekodi ni sahihi na hesabu zinatoka sawa, lakini karani mgeni anachukua miezi kuizoea skrini, basi tatizo ni uso. Kama malipo hutoka na makosa kila mwezi, tatizo liko kwenye kanuni au rekodi, na uso mpya utayaficha tu makosa hayo kwa rangi nzuri.

Mfano ulio mkononi mwa kila mtu

Mfano bora wa jambo hili ni M-PESA. Ilipozinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007, uso wake ulikuwa menyu ya maandishi iliyokaa ndani ya kadi ya simu. Mtu alichagua kutuma pesa, akaandika nambari, kiasi na namba ya siri. Simu ya kawaida kabisa iliweza kufanya kazi hiyo.

Mwezi Aprili 2015, mitambo inayoendesha huduma hiyo ilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya, kwenye jukwaa jipya. Injini ilibadilika, lakini menyu ya simu ilibaki karibu vile ilivyokuwa. Mama mboga aliendelea kupokea pesa bila kufundishwa upya.

Mwaka wa 2021 ikawa kinyume chake. Safaricom ilitoa apu ya M-PESA yenye picha, vitufe na historia ya malipo. Safari hii uso ndio uliobadilika. Shilingi iliyotumwa kwa apu na ile iliyotumwa kwa menyu ya zamani zinaingia katika akaunti ile ile, kwa kanuni zile zile.

Jambo la kuzingatia ni kwamba uso wa zamani haukuzimwa. Mwenye simu janja anatumia apu, na mwenye kabambe anatumia menyu ya kadi ya simu au anapiga *334#. Serikali ya kitaifa nayo imefuata njia hiyo: ankara za eTIMS za Mamlaka ya Ushuru ya KRA zinaweza kutolewa kupitia tovuti, apu, au kwa kupiga *222#. Huduma moja inaweza kuwa na nyuso kadhaa, kila mtu akaingilia mlango anaoumudu.

Kwa nini programu za zamani zimedumu

Kuwa na programu ya zamani si aibu. Lugha ya kompyuta iitwayo COBOL ilibuniwa mwaka wa 1959, na hadi leo kuna benki na idara za serikali duniani zinazoitegemea. Mwezi Aprili 2020, ugonjwa wa Korona ulipowaachisha watu wengi kazi nchini Marekani, jimbo la New Jersey lilitangaza hadharani kwamba linatafuta wajuzi wa COBOL wa kusaidia mitambo yake ya miongo kadhaa iliyolemewa na maombi.

Programu hizo hudumu kwa sababu zimejaribiwa na kazi yenyewe. Miaka ya marekebisho imeweka ndani yake mambo ambayo hayajaandikwa popote: mwanachama aliyefariki analipwa vipi, mkopo wa pembejeo hukatwa kabla au baada ya hisa, maziwa ya jioni huhesabiwa siku ipi. Anayeitupa programu anatupa pia ujuzi huo.

Hata hivyo, muda wa nyingine umekwisha kwa sababu za nje. Programu zilizoandikwa kwa mfumo wa DOS haziwezi kuendeshwa moja kwa moja na Windows ya biti 64, ambayo ndiyo inayokuja na kompyuta za siku hizi. Zinahitaji programu ya kuigiza mazingira ya zamani, kama DOSBox. Microsoft nayo iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Chama ambacho rekodi zake zote zimo katika kompyuta moja ya zamani iliyo pembeni ya ofisi kiko katika hatari: siku diski itakapokufa, deni la chama kwa wakulima litabaki, lakini ushahidi wake utakuwa umepotea.

Njia nne za kubadilisha

*1. Kuvalisha koti.* Programu mpya huwekwa mbele ya ile ya zamani. Inasoma maandishi ya skrini nyeusi, inayaonyesha kama fomu yenye vitufe, kisha inaandika majibu ya karani mahali pake kana kwamba mtu anabonyeza kibodi. Ni njia ya haraka na ya bei nafuu, na injini haiguswi. Udhaifu wake ni kwamba koti limekatwa kwa kipimo cha mwili mmoja: skrini ya zamani ikisogea mstari mmoja, fomu mpya inaweza kusoma salio mahali pa jina.

*2. Kufungua mlango wa pembeni.* Hapa fundi haisomi skrini. Anaweka njia rasmi ambayo programu nyingine zinaweza kuomba rekodi na kupewa, kwa ruhusa. Mwaka wa 2017 Safaricom ilizindua njia ya aina hiyo kwa M-PESA na kuipa jina la Daraja, na waunda programu wakaweza kuunganisha mifumo ya biashara na malipo ya simu. Njia hii ni imara kuliko koti, lakini inahitaji fundi anayeielewa injini ya ndani.

*3. Kukua kama mugumo.* Wakazi wa maeneo ya Mlima Kenya wanaujua mugumo unaoanza maisha yake juu ya mti mwingine, ukateremsha mizizi taratibu hadi ukasimama peke yake. Mwaka wa 2004 mtaalamu wa programu Martin Fowler aliutumia mfano wa mti wa jamii hiyo, aliouona Australia, kueleza namna ya kubadilisha mfumo kidogo kidogo. Chama huanza na sehemu moja, kwa mfano mapokezi ya maziwa. Ikitulia, malipo yafuate, kisha mikopo, kisha ripoti. Programu ya zamani hupunguziwa kazi hadi siku haina kazi tena.

*4. Kung’oa na kupanda upya kwa siku moja.* Hii huvutia kwa sababu inaonekana safi, lakini ndiyo yenye hatari kubwa. Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha rekodi za wateja wake wapatao milioni 5.2 kwenye mfumo mpya katika wikendi moja. Wateja wengi walishindwa kufikia akaunti zao, na benki hiyo haikurejea katika hali ya kawaida hadi Desemba. Mwaka wa 2022 wasimamizi wa fedha waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Benki hiyo ilikuwa na wataalamu na fedha kuliko ushirika wowote wa kijijini, na bado haraka iliiponza.

Mfano wa kazi: skrini ya mapokezi ya maziwa

Chukua mfano wa kituo cha maziwa chenye wanachama 300. Skrini ya zamani inauliza mambo manne: nambari ya mwanachama, tarehe, zamu, na kilo. Karani aliyezoea haangalii kibodi. Anaandika nambari, anabonyeza Enter, anaandika kilo, anabonyeza tena. Tuseme kila mwanachama anachukua sekunde 6. Watu 300 wanakamilika kwa dakika 30.

Sasa fundi analeta uso mpya wenye rangi. Ili kumchagua mwanachama, karani ashike kipanya, afungue orodha, atafute jina, abofye, kisha abofye kitufe cha kuhifadhi. Ikiwa kila mmoja sasa anachukua sekunde 15, watu wale wale 300 watachukua saa moja na robo. Foleni inakua, na maziwa yanakaa nje ya mtungi wa kupozea. Uso ni mzuri kwa macho lakini umeiharibu kazi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya uso mpya ni hii: kila kilichowezekana kwa kibodi kiendelee kuwezekana kwa kibodi. Vitufe vya kubofya viwepo kwa ajili ya mgeni, na njia ya mkato ibaki kwa ajili ya mzoefu.

Kanuni ya pili ni kwamba uso mpya uzuie makosa ambayo uso wa zamani uliyaruhusu. Karani akisahau nukta, kilo 13.5 huwa kilo 135. Tuseme kilo inalipwa shilingi 50. Mwanachama aliyestahili shilingi 675 ataandikiwa shilingi 6,750, na tofauti ya shilingi 6,075 itatoka kwa wenzake. Uso mzuri utauliza: “Mwanachama huyu kwa kawaida huleta kilo 12 hadi 15. Una hakika?” Vilevile utaonyesha jina mara nambari inapoandikwa, kama Hakikisha ya M-PESA inavyoonyesha jina la anayetumiwa kabla pesa haijaondoka.

Kanuni ya tatu ni mkulima apate uso wake. Karani akihifadhi, ujumbe mfupi uende kwa simu ya mwanachama ukiwa na tarehe, kilo na jumla ya mwezi. Ujumbe huo unafika kwenye kabambe na hauhitaji bando. Mwanachama anayeona kilo zake kila siku atagundua kosa siku hiyo hiyo, badala ya kungoja mwisho wa mwezi na kuanza kubishana na karani.

Mitego ya rekodi za Meru

Rekodi zinapohamishwa kutoka programu ya zamani, mambo madogo huleta hasara kubwa. Manne yanastahili kuangaliwa kwa makini katika kaunti hii.

Kwanza ni majina yenye alama ya ritifaa, kama M’Ikiara au M’Mugambi. Katika lugha za hifadhidata, alama hiyo huwa na kazi yake maalumu, na programu iliyoandikwa kizembe inaweza kukwama au kukataa jina. Makarani wengine waliikwepa kwa kuandika “M IKIARA” au “MIKIARA”. Mtu mmoja anaweza kuonekana kama wanachama watatu. Fundi ajaribu programu yake kwa majina hayo kabla ya mengine yote.

Pili ni sifuri ya mwanzo. Nambari za simu za mkononi za Kenya huanza na 07 au 01. Zikifunguliwa katika jedwali la kompyuta kama nambari za hesabu, sifuri hudondoka, na ujumbe hautamfikia mkulima.

Tatu ni mwaka wa tarakimu mbili. Programu za zamani ziliandika “98” kwa 1998. Ikiwa mfumo mpya utaelewa vingine, mwanachama wa miaka mingi anaweza kuonekana hajajiunga bado, akakosa mkopo au gawio.

Nne ni kipimo. Kanuni za zao la viazi za mwaka wa 2019 ziliweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia. Programu iliyozoea kuhesabu “magunia” bila uzani haitarekebishwa kwa uso mpya peke yake, kwa kuwa hapo kilichobadilika ni kanuni ya kazi. Ni muhimu rekodi mpya ziandike kilo, na rekodi za zamani zibaki zikionyesha ni gunia la aina gani lililohesabiwa.

Kaunti zenyewe zinalijua jambo hili. Zilipoanza kazi mwaka wa 2013, zilipokea rekodi kutoka kwa mabaraza ya miji na mabaraza ya kaunti ya zamani, mengi yakiwa yametumia mfumo wa fedha ulioitwa LAIFOMS. Majengo na kompyuta huhama kwa lori. Kuhamisha rekodi za ploti, ada na leseni huhitaji mtu wa kuzikagua moja moja.

Hatua za kufuata

1. Tengeneza nakala rudufu ya rekodi zote kabla ya jambo lolote. Nakala moja ikae nje ya ofisi, na ijaribiwe kufunguliwa. Nakala isiyofunguka si nakala.

2. Kaa na karani mzoefu siku nzima, uandike kila anachobonyeza na sababu yake. Usisahau siku ya malipo na siku ya mwisho wa mwezi, kwa maana kazi za siku hizo hazifanani na za kila siku.

3. Amua ni sehemu gani inayoumwa: uso, kanuni au rekodi. Mwambie fundi aeleze kwa lugha ya kawaida ni ipi atakayoigusa na ipi ataiacha.

4. Anza na skrini moja. Wape waitumie karani mzoefu na kijana mgeni, kisha upime muda wa kila mmoja.

5. Endesha ya zamani na mpya sambamba kwa angalau mwezi mmoja kamili wa malipo. Jumla ya kilo, makato na malipo zilingane hadi senti. Zisipolingana, tafuta sababu kabla ya kuendelea, hata kama tofauti ni shilingi mbili.

6. Zima ya zamani mwishoni kabisa, lakini hifadhi rekodi zake zikiwa zinasomeka.

Maswali ambayo kamati iulize

Kabla ya kutia sahihi, kamati imuulize fundi: Rekodi ni mali ya nani mkataba ukiisha? Chama kitapewa msimbo wa programu, au kitabaki mateka wa mtu mmoja? Intaneti ikikatika, mapokezi yataendelea? Kila karani atakuwa na namba yake ya siri, au wote watatumia moja kama zamani? Mabadiliko ya rekodi yataonyesha jina la aliyeyafanya na saa? Je, mfumo utaweza kuunganishwa na M-PESA na eTIMS?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nayo inahusika. Majina, nambari za vitambulisho, simu na madeni ya wanachama ni data ya kibinafsi. Fundi asiondoke nazo kwenye kompyuta yake ya mkononi “kwa ajili ya majaribio”. Majaribio yafanywe kwa majina ya kubuni.

Kamati isiwasahau makarani. Karani aliyeendesha skrini nyeusi miaka mingi huona uso mpya kama barua ya kuachishwa kazi, na akiogopa atanyamaza. Yeye ndiye anayejua kwa nini mwanachama fulani ana nambari mbili. Akishirikishwa mapema atakuwa mwalimu wa mradi. Akiachwa nje, mradi utajifunza makosa yake kwa pesa za wanachama.

Ya kujadiliwa katika vikundi

Katika mkutano ujao wa kikundi au chama, wanachama wanaweza kujadili: Hesabu zetu zimo katika programu gani, na nani mwingine anaweza kuiendesha karani akiwa mgonjwa? Nakala rudufu ya mwisho ilifanywa lini, na iko wapi? Kosa lililotusumbua zaidi mwaka uliopita lilitokana na uso, kanuni au rekodi? Mwanachama mwenye simu ya kawaida anaweza kujua kilo zake bila kufunga safari hadi ofisini?

Chama kinachotaka ushauri kianze kwa afisa wa ushirika wa kaunti ndogo, na matumizi yoyote makubwa yafikishwe mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Mwanachama naye ana haki ya kuuliza swali moja rahisi mfumo mpya unapoletwa: aonyeshwe salio lake katika wa zamani na katika mpya, yakiwa kando kwa kando. Yakilingana, karani aendelee. Yasipolingana, wa zamani usizimwe.